Fomu Isiishie Kwenye Droo

Mama anaporudi kituoni siku ya tatu baada ya binti yake kuchanjwa na kusema, "Nesi, mwanangu hajakaa sawa tangu ile sindano," kuna njia mbili rahisi za kumjibu. Moja ni kumwambia chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, haina neno, arudi nyumbani akampumzishe mtoto. Nyingine ni kutaharuki pamoja naye. Nimefanya kazi ya uuguzi upande wa chanjo kwa muda mrefu, na nimeona njia zote mbili zikiwaacha wasichana bila msaada. Mimi huanza na swali: "Pole sana, mama. Ilianza saa ngapi?" Halafu nachukua fomu ya taarifa za madhara.

Nataka kuizungumzia fomu hiyo, na hasa kinachopaswa kuifuata. Naamini kabisa kwamba ufuatiliaji wa madhara baada ya chanjo haujakamilika mpaka aliyeleta malalamiko apewe jibu. Dunia imejenga mifumo mizuri ya kukusanya taarifa. Kuwarudishia wenyewe majibu ndiko kunakotushinda, na zipo nchi zilizolipia pengo hilo kwa gharama kubwa.

Niseme wazi kwamba chanjo hii naiamini. Mwaka 2022 peke yake wanawake wapatao 660,000 duniani waligundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na wapatao 350,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Karibu wote waliupata kutokana na virusi vya papiloma, yaani HPV, na aina mbili tu za virusi hivyo, namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizo. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2021 ulionyesha kwamba miongoni mwa waliochanjwa wakiwa na miaka 12 hadi 13, saratani hiyo ilipungua kwa asilimia 87 ikilinganishwa na rika zilizowatangulia ambazo hazikuchanjwa. Scotland nako, ripoti ya 2024 haikumpata hata mgonjwa mmoja kati ya wale waliokamilisha chanjo katika umri huo. Nimewahi kuwauguza wanawake ambao saratani hii imewafikisha hatua za mwisho. Aliyekaa zamu ya usiku kwenye wodi ile hahitaji takwimu za kumshawishi.

Ila mtu akikipenda kitu hukichunga. Chanjo ya kwanza ya HPV ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2006, ilikuwa imejaribiwa kwa makumi ya maelfu ya watu. Idadi hiyo inatosha kuonyesha kwamba mkono utauma, kichwa kitauma, pengine homa kidogo itapanda. Haitoshi kuonyesha jambo linalompata mtu mmoja katika milioni. Jambo la namna hiyo huonekana tu chanjo ikishawafikia mamilioni, na huonekana pale tu ambapo kuna mtu aliyeliandika. Bila mwandishi huyo pale chini kabisa, kwenye meza ya chanjo, kamati za wataalamu hazina cha kujadili.

Tunayoyajua mpaka sasa ni haya. Maumivu sehemu ya sindano huwapata walio wengi, pamoja na wekundu au uvimbe, na huisha ndani ya siku chache. Maumivu ya kichwa, uchovu na homa ndogo pia hutokea. Kuzirai mara baada ya sindano hutokea, hasa kwa vijana. Mzio mkali wa mwili mzima, ule unaoweza kuua usipotibiwa haraka, hutokea kwa nadra sana: kamati ya kimataifa ya Shirika la Afya Duniani inayoshauri kuhusu usalama wa chanjo ilipopitia ushahidi mwaka 2017, dozi zaidi ya milioni 270 zikiwa zimeshasambazwa, ilitaja kiwango cha takriban 1.7 kwa kila dozi milioni moja. Chanjo yenyewe imetengenezwa kwa ganda la protini la kirusi, na ndani ya ganda hakuna vinasaba vya kirusi. Kwa hiyo haiwezi kumwambukiza msichana HPV wala kumletea saratani.

Hapo kwenye kuzirai na mzio nataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo kazi yangu inapopimwa kwa dakika.

Msichana amechomwa, ameinuka haraka kwa sababu wenzake wanamtazama. Anapiga hatua mbili. Midomo inapauka, jasho jembamba linatokeza juu ya mdomo, anasema masikio yanavuma, kisha anakwenda chini. Akiwa sakafuni mikono inaweza kurukaruka kwa sekunde kadhaa, na walio kwenye foleni wanapiga kelele kwamba ameanguka kifafa. Unamlaza chali, unainua miguu yake, unashika mshipa wa mkono. Mapigo ni ya polepole. Ngozi ni baridi na yenye unyevu, haina vipele. Ndani ya dakika moja au mbili amefumbua macho, ameona aibu, anataka kuondoka. Huyo amezirai. Kilichobaki hatari kwake ni sakafu tu, na ndiyo maana msichana huchanjwa akiwa ameketi au amelala, na huangaliwa dakika 15 kabla ya kuruhusiwa.

Sasa mwingine. Dakika kadhaa zimepita, ameketi vizuri, anaanza kujikuna shingoni. Vipele vilivyovimba vinatokeza kifuani, sauti inakwaruza, anapumua kwa mluzi, labda anatapika. Unashika mshipa: mapigo yanakimbia. Hapo hakuna kusubiri wala kuuliza ruhusa. Ni adrenalini ndani ya msuli wa paja, upande wa nje, kwa kipimo cha uzito wake, kisha unaita msaada. Mapigo ya polepole na mapigo yanayokimbia, tofauti hiyo unaipata kwa vidole viwili. Kila anayechanja anapaswa kuwa ameifanyia mazoezi kabla hajapewa bomba la sindano, na kisanduku cha dharura kiwe mezani, wala kisifungiwe kabatini ambako ufunguo anao mtu aliyekwenda mkutanoni.

Wasichana wote wawili wanaandikiwa fomu, hata yule aliyezirai akaamka akicheka. Katika mambo ninayogombana nayo, kubwa ni lile la watu kutoandika kwa sababu "hii si ya chanjo." Kuamua kama ni ya chanjo au siyo ni hatua ya baadaye, na hufanywa na watu wenye taarifa nyingi kuliko sisi. Kazi ya mezani ni kuandika kilichotokea.

Na kuandika kuna kuandika. Fomu inayosema "alijisikia vibaya baada ya chanjo" haimsaidii mtu yeyote. Fomu inayofaa ina saa aliyochomwa na saa dalili ilipoanza, jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, mkono upi, dozi ya ngapi, chanjo nyingine alizopewa siku hiyo, dawa anazotumia, magonjwa aliyokuwa nayo kabla, kilichofanyika na hali aliyo nayo sasa. Namba ya toleo watu huipuuza sana. Ikiwa wasichana kumi na wawili wameota jipu pale walipochomwa, namba hiyo pamoja na jina la kituo ndivyo vitakavyoonyesha kama tatizo limetoka kiwandani, kwenye jokofu au kwenye mikono ya aliyechanja. Kosa la utoaji linaweza kusahihishwa wiki hiyohiyo. Lisipoandikwa, litaendelea.

Taarifa ikitoka mezani huingia kwenye mkondo mrefu. Uingereza walianza mfumo wao wa Kadi ya Njano mwaka 1964, baada ya dawa ya thalidomide kusababisha watoto kuzaliwa na viungo visivyokamilika. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kimataifa mwaka 1968, na tangu 1978 kituo cha Uppsala, Uswidi, ndicho kinachokusanya taarifa za madhara ya dawa na chanjo kutoka nchi nyingi duniani. Marekani wana mfumo wao wa chanjo tangu 1990, uitwao VAERS, na mtu yeyote anaweza kupeleka taarifa huko, awe daktari, mzazi au mchanjwa mwenyewe. Uwazi huo naupenda. Lakini unataka msomaji makini, kwa sababu taarifa iliyomo humo ni swali lililoulizwa. Anayehesabu maswali hayo na kutangaza kwamba ni majeruhi anawadanganya watu.

Swali linajibiwaje? Njia ya kwanza ni kujua kile ambacho kingetokea hata bila chanjo. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilichunguza hali mbili zilizokuwa zikitajwa sana: maumivu sugu ya kiungo kimoja, na ile hali ambayo mapigo ya moyo hupanda mno mtu anaposimama, akapata kizunguzungu na uchovu. Waligundua kwamba katika wasichana milioni moja wa miaka 10 hadi 19, takriban 150 wangepata hali ya kwanza kila mwaka, na angalau 150 hali ya pili, chanjo iwepo isiwepo. Waliochanjwa hawakuonekana kuzidi hapo. Ukichanja mamilioni ya wasichana wa umri uleule, lazima baadhi yao waugue wiki inayofuata ugonjwa ambao ulikuwa tayari njiani.

Njia ya pili ni kuwafuata watu wengi kwa kumbukumbu za hospitali. Watafiti wa Denmark na Uswidi walifuatilia karibu wasichana milioni moja, ambao takriban 297,000 kati yao walikuwa wamechanjwa, na matokeo yao ya 2013 hayakuonyesha uhusiano wa kuaminika kati ya chanjo na magonjwa ya kinga kushambulia mwili, ya neva wala ya damu kuganda. Kuhusu uvumi unaotembea kuliko wote, ule wa ugumba, utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 uliangalia karibu wasichana na wanawake vijana 200,000 na haukuona ovari zikichoka mapema zaidi kwa waliochanjwa.

Ni haki kutaja pia pale ambapo majibu hayakufanana. Ufaransa mwaka 2015 walitoa matokeo ya utafiti wa wasichana zaidi ya milioni 2, na waliona ongezeko dogo la ugonjwa wa Guillain-Barré, ule unaodhoofisha misuli kuanzia miguuni: mgonjwa mmoja au wawili wa ziada kwa kila wasichana 100,000 waliochanjwa. Uingereza wakalichukua swali hilo na kulipima kwenye dozi milioni 10.4. Mwaka 2017 walitangaza kwamba hawakuona ongezeko. Mimi nikiulizwa na mzazi kuhusu ugonjwa huu huwa namweleza tafiti zote mbili. Mzazi aliyeambiwa yote hukumbuka kwamba hakufichwa kitu.

Sasa nije kwenye majibu ambayo hayakurudi, au yalirudi vibaya.

India, mwaka 2009, mradi wa majaribio ulichanja wasichana zaidi ya 20,000 katika majimbo ya Andhra Pradesh na Gujarat. Saba kati yao walifariki katika kipindi hicho, na mwaka 2010 serikali ikasimamisha mradi. Uchunguzi ulikuta kwamba mmoja alizama majini, mmoja aliumwa na nyoka, wawili walikunywa sumu ya wadudu, na kwa ujumla vifo hivyo havikuonekana kutokana na chanjo. Lakini uchunguzi huohuo ulikuta kwamba wengi wa wasichana wa mabweni walikuwa wametiliwa sahihi za ridhaa na wasimamizi wa mabweni badala ya wazazi, na kwamba ufuatiliaji wa madhara ulikuwa dhaifu. Familia ambayo haikuulizwa mwanzo itaaminije jibu la mwisho? Chanjo haikuwa na hatia, na waliosimamia walikuwa wamekosea. Nakataa kabisa desturi ya kutaja nusu moja ya habari hii na kuificha nyingine.

Kolombia, mwaka 2014, katika mji wa El Carmen de Bolívar, mamia ya wasichana walianza kuzirai, kutetemeka na kufa ganzi miguuni. Picha za video zilienea nchi nzima kabla uchunguzi haujaisha. Taasisi ya taifa ya afya ilihitimisha kwamba haikuwa sumu wala kasoro ya chanjo, bali hofu iliyosambaa katika kundi. Familia nyingi zilikataa jibu hilo. Kufikia 2016, waliopata dozi ya kwanza nchini humo walikuwa wameshuka hadi asilimia 14 ya walengwa.

Nimelifikiria sana tukio hili. Msichana ambaye miguu yake imekufa ganzi, ukimwambia "ni mawazo tu," amesikia kwamba ni mwongo. Ganzi ile ni ya kweli. Mtu mwenye hofu hupumua haraka, hewa ya kaboni hupungua kwenye damu, vidole na midomo huanza kuwasha na kukakamaa, naye akiona hivyo hofu inazidi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoyaweka matukio haya katika kundi lao: mwitikio wa mwili kwa msongo unaoambatana na kuchanjwa. Mwongozo huo unatambua kwamba mwili wenyewe umehusika. Kwa mazoea ya kazi, maana yake ni kumtoa msichana mbele ya umati, kumkalisha penye utulivu, kumpima, kumfundisha kupumua polepole, na kumweleza yeye na mzazi wake nini kinaendelea ndani ya mwili wake kwa lugha anayoielewa. Huko nako ni kutibu.

Japani iliingiza chanjo hii katika ratiba ya kitaifa Aprili 2013, na Juni mwaka huohuo serikali ikaacha kuihimiza baada ya taarifa za wasichana wenye maumivu ya muda mrefu na shida za kutembea. Chanjo haikuondolewa. Ilibaki ikipatikana bure, ila serikali ilinyamaza. Katika ukimya huo uchanjaji ulishuka kutoka takriban asilimia 70 hadi chini ya asilimia moja. Jiji la Nagoya liliwauliza wasichana kuhusu dalili 24 zilizokuwa zikilalamikiwa, wakajibu karibu 30,000, na matokeo yaliyochapishwa 2018 hayakuonyesha dalili hizo zikiwapata zaidi waliochanjwa. Hata hivyo himizo lilirejea Aprili 2022 tu. Watafiti walikadiria kwamba kushuka huko kwa uchanjaji kungesababisha vifo takriban 5,000 vya ziada katika rika zilizozaliwa kati ya 1994 na 2007. Miaka tisa ya kusubiri jibu rasmi.

Denmark walipita kwenye tope hilohilo. Taarifa za madhara zilifurika, vipindi vya televisheni vikaonyesha wasichana walio kitandani, na uchanjaji ukashuka kutoka karibu asilimia 90 hadi chini ya 40 kwa baadhi ya rika. Mwaka 2015 walifungua kituo maalumu katika kila mkoa kati ya mikoa yao mitano, mahali ambapo msichana yeyote mwenye dalili angechunguzwa bila kwanza kubishiwa kuhusu chanzo. Watafiti wao walikuta pia kwamba wengi wa waliotoa taarifa za madhara makubwa walikuwa wakienda kwa daktari mara nyingi kuliko wenzao hata kabla ya chanjo. Kisha, kuanzia 2017, mamlaka ya afya, madaktari na chama cha saratani wakaingia kwenye mitandao ya kijamii na kuwajibu wazazi swali kwa swali. Uchanjaji ukapanda tena. Nikiulizwa ni nchi gani ilifanya ufuatiliaji kama ninavyoutaka, hii ndiyo naitaja.

Kwangu mimi jambo hili lilikuwa zito zaidi kwa msichana mmoja aliyeletwa na mama yake akilalamika kizunguzungu na uchovu tangu wiki ya chanjo. Tuliandika fomu, tukampima. Damu yake ilikuwa chini sana, na hedhi yake ilikuwa nyingi kwa miezi kadhaa kabla ya sindano. Hakuwa amewahi kumwambia mtu. Chanjo haikumletea upungufu wa damu, lakini malalamiko kuhusu chanjo ndiyo yaliyompatia matibabu. Angeambiwa "haina neno, nenda nyumbani," angekwenda nyumbani na ugonjwa wake.

Kazi hii haijaisha, inabadilika tu. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali dozi moja kwa wasichana, na kuna chanjo mpya za watengenezaji wengine zinazoingia kwenye mipango ya taifa. Wasichana wanaoishi na virusi vya ukimwi bado wanahitaji dozi zaidi ya moja. Wavulana nao wanachanjwa katika nchi nyingi. Kila badiliko la namna hii linataka macho mapya mezani na fomu zilizojazwa vizuri.

Fomu nilizojaza mimi zina nafasi ya jina la mchanjwa, la aliyetoa taarifa, la aliyepokea na la aliyepeleka wilayani. Hazina nafasi ya tarehe ambayo mzazi alipewa jibu. Ningependa mstari huo uongezwe, na uwe wa lazima kama ule wa namba ya toleo. Kwa sasa nauandika pembeni kwa mkono, na simu nampigia mama mwenyewe hata kama jibu lililofika ni kwamba uchunguzi bado unaendelea.

Mara nyingi, akishanisikiliza, mama huuliza kuhusu mdogo wa yule binti aliyechanjwa, kama naye aje. Namjibu kwamba dada aliyezirai si sababu ya mdogo kukosa chanjo, na hata dada angekuwa amepata mzio mkali, mdogo bado anaweza kuchanjwa. Asiyepewa tena ni yule aliyepata mzio mkali mwenyewe, au anayejulikana kuwa na mzio mkali wa kitu kilichomo ndani ya chanjo, kama hamira inayotumika kutengeneza baadhi ya chanjo hizi. Mdogo mtu aje, tutamchanja akiwa amelala, na ile robo saa nitakaa naye.